Mafundi wa Taa za Bati wa Tabora

Napenda kuwaletea ndugu zangu wasomaji, wakubwa na vijana, habari ya kazi moja ya mikono ambayo katika mji wetu wa Tabora imebakia kwa wazee wachache tu. Wageni wafikao kwetu huulizia mambo makubwa: misafara ya pembe za ndovu, habari za Livingstone na Stanley, vita vya Mtemi Isike na Wajerumani. Ni haki yao kuyauliza. Lakini sijapata kumsikia hata mmoja akiuliza jambo lililo dogo na la kila siku, nalo ni hili: watu wa njia ile, jua lilipokuchwa, walisoma kwa taa gani? Na taa hizo zilitoka mikononi mwa nani?

Atakaye kuujua mji huu na aanzie stesheni. Gari moshi litokalo Dar es Salaam hupita Morogoro na Dodoma, likakata nchi kavu ya Ugogo, likaingia katika misitu ya miombo ya Unyamwezi, hata likafika Tabora. Hapo njia hugawanyika: moja huenda Kigoma penye Ziwa Tanganyika, na ya pili huenda Mwanza. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, katika zama za Wajerumani. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, zama za Waingereza. Walakini walioikanyaga kwanza njia hiyo, kabla ya mzungu yeyote kuipima, ni wapagazi wa Kinyamwezi. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, akatembea nao miezi mitatu, pengine minne, baina ya Bagamoyo na hapa. Waingereza wawili, Burton na Speke, walipofika mwezi wa Novemba 1857, waliwakuta Waarabu wa Oman na watu wa pwani wamekwisha kufanya makao mahali palipoitwa Kazeh, katika Unyanyembe, nchi ya mtemi wa Kinyamwezi. Ndipo penye Tabora ya leo. Miembe mikubwa tuionayo mjini na pembezoni mwa njia ya zamani ni kumbukumbu ya wasafiri wale.

Kilometa chache kutoka mjini, upande wa kusini-magharibi, pako Kwihara. Hapo lipo tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi wapya, kabla hajaondoka mwezi wa Agosti katika safari ambayo hakurudi nayo hai. Siku hizi nyumba ile ni makumbusho. Kuta zake ni za udongo, nene kwelikweli, na mlango wake ni wa mbao iliyochongwa kwa mtindo wa pwani. Huwapeleka vijana wa chuoni kule kila nipatapo nafasi, wala siwafichi kuwa njia hii haikupitisha pembe na nguo peke yake. Ilipitisha na wanadamu waliofungwa, na miongoni mwa waliowafunga walikuwamo watu walioswali kama tuswalivyo sisi. Kijana wa Kiislamu asiposikia jambo hili kwa mwalimu wake atalisikia kwa mwingine, na pengine kwa ulimi mbaya zaidi.

Lakini katika nyumba kama zile kuna jambo jingine ambalo kijana huliona mara tu avukapo kizingiti, ambalo vitabu havilisemi: giza. Tembe huezekwa kwa udongo juu ya miti, na madirisha yake huwa madogo na machache, kwa ajili ya joto na kwa ajili ya adui. Hata saa sita mchana mtu akiingia ndani hungoja kidogo macho yapate kuzoea. Basi fikiri, ndugu msomaji, usiku ulikuwaje, na mtu anataka kufungua msahafu.

Kabla ya mafuta ya taa kufika bara, watu walitumia walichokuwa nacho. Palikuwa na moto wa kuni, ambao ni taa ya kila maskini duniani. Palikuwa na kijungu cha udongo chenye mafuta ya mbarika, na utambi wa pamba ukilazwa ukingoni. Kutoka upande wa Ujiji yalikuja mawese, na kutoka pwani waliozoea nazi na ufuta walikuja na mazoea yao. Na palikuwa na nta. Msitu wa Unyamwezi ni nchi ya nyuki. Hata leo mwenye kusafiri huko ataona mizinga ya magome ya miti imetundikwa juu ya matawi, na asali ya Tabora ina jina Tanzania nzima. Zama za Wajerumani nta ya nchi hii ilikuwa mojawapo ya bidhaa kubwa zilizopelekwa Ulaya, nako nta ni mishumaa. Neno letu lenyewe, mshumaa, latokana na neno la Kiarabu ambalo asili ya maana yake ni nta. Yaani nta ya miti yetu ilivuka bahari, na sisi tukabaki na majungu yetu ya mbarika. Mwenye kuisoma Suratu n-Nahli, aya ya 68 na 69, ambapo nyuki ametajwa na nyumba zake katika miti, hana haja ya tafsiri ndefu akiwa Tabora. Atoke nje tu atazame juu.

Kisha yakaja mafuta ya taa. Yalikuja Unguja kwanza kutoka Marekani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na reli ilipofika bara yakaja kwa wingi, ndani ya madebe. Nataka vijana walitazame vizuri neno hili debe. Sisi leo tunapimia mahindi, mchele na maharage kwa debe, twachotea maji kwa debe, na mwenye kujisifu bila elimu twamwambia kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Asili yake ni kile chombo cha bati cha pembe nne, cha lita 18 hivi, ambamo mafuta ya taa yaliuzwa. Mawili yalikaa katika sanduku moja la mbao. Mafuta yaliteketea, debe likabaki. Bati lile jepesi, lisiloota kutu upesi, linalokatika kwa mkasi, lilikuwa mali ambayo hakuna msafara uliopata kuileta kabla yake.

Hapo ndipo alipozaliwa fundi wetu. Watu wa bara hawakungoja kufundishwa la kufanya na debe tupu. Walilifanya ndoo, chujio, kikaango, kifuniko cha paa linalovuja, na juu ya yote wakalifanya taa: kile kitaa kidogo tukiitacho kibatari au koroboi. Zilikuwako taa nyingine pia, na kila moja ina jina lililokuja nalo njiani. Kandili na fanusi ni majina ya Kiarabu. Chemli ni neno la Kiingereza la bomba la moshi, kwa sababu ya kile kioo chake kirefu. Nyingi za kwanza zilikuja na jina la Dietz wa New York. Karabai inatokana na kabaidi. Hizi zote zilinunuliwa dukani kwa fedha ya kweli. Kibatari peke yake ndicho kilichotengenezwa hapa hapa, kwa makopo yaliyotupwa, kwa bei ambayo mjane angeweza kuilipa.

Mwezi wa Rajabu uliopita nilikwenda kumtazama mzee mmoja afanyaye kazi hii upande wa sokoni. Amekaa juu ya gogo chini ya kibanda cha mabati, na mbele yake kimekitwa kipande cha reli, kama urefu wa mkono, ndicho fuawe yake. Nikamwambia, "Mzee wangu, nakuomba nitazame kazi." Akasema, "Karibu Maalim. Lakini kazi ya bati haitazamwi, inasikilizwa." Sikumwelewa hata alipoanza kugonga.

Alichukua kopo la maziwa, akalikata mdomo kwa mkasi, akaupinda ukingo ndani ili usimkate mtoto kidole. Kisha akakata duara kwa ajili ya kifuniko, akalipima kwa jicho tu, nami nilipolijaribu kwa uzi halikuzidi wala halikupungua. Katikati ya duara alitoboa tundu la kupitishia mrija. Mrija ni kipande kidogo cha bati kilichoviringwa juu ya msumari mnene. Ukiwa mpana mno utambi huanguka ndani; ukiwa mwembamba mno mafuta hayapandi. Pembeni mwa mrija alitoboa kitundu kingine, kidogo kama ncha ya sindano. Nikamwuliza ni cha nini. Akasema hicho ni pua ya taa. Isipopumua, mafuta yakipata moto hufurika juu ya utambi na mwali hurukia usoni mwa mtu. Makopo ya mafundi wasiojua, akasema, hayana pua.

Pindo la bati hukunjwa juu ya pindo jingine, yakagongwa pamoja juu ya reli. Hapo ndipo sauti ilipobadilika. Mara ya kwanza bati lilitoa mlio wa kupayuka, na kadiri pindo lilivyoshikana mlio ukawa mzito na mfupi, hata mwisho ukawa kama wa mti. Mzee akaniangalia, akacheka. Kisha akatoa katika makaa chuma chake cha kulehemia, chenye kichwa cha shaba, akakigusisha lehemu, na lehemu ikatiririka juu ya kiungo kama samli juu ya mkate wa moto. Alijaza maji ndani ya kibatari, akakiweka juu ya kipande cha gazeti, tukazungumza mambo mengine. Gazeti lilipobaki kavu akamwaga maji, akasema taa hiyo sasa yaweza kuingia nyumbani mwa mtu.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu twaishi wakati ambapo vijana wengi hudhani kuwa elimu ni ile iliyo ndani ya kitabu au ndani ya simu peke yake. Mzee yule hakumaliza darasa la nne. Lakini ajuacho juu ya hewa, moto na mafuta si kidogo, na amekipata kwa kushindwa mara nyingi na kwa kumtazama aliyemtangulia.

Sasa niseme taa hizi zilifanya nini katika mji wa Kiislamu. Chuo chetu cha zamani, kama vyuo vingi vya bara, kilikutana baina ya Magharibi na Isha. Mchana watoto walikuwa shuleni au shambani. Kila mtoto alikuja na ubao wake au juzuu yake, na kila watoto wanne au watano waliizunguka taa moja. Mafuta yaliletwa na wazazi kwa zamu, wenye uwezo wakazidisha. Desturi hiyo haikuwa ya Tabora tu. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa habari ya Bibi Maymuna, ya kwamba asiyeweza kwenda kuswali Baytul Maqdis aliambiwa apeleke mafuta yakawashe taa zake. Na Ibn Majah amepokea kwa Abu Said al-Khudri kuwa wa kwanza kutia taa misikitini alikuwa Tamim ad-Dari, sahaba aliyetoka upande wa Sham. Kwa hiyo bibi yule wa Ng'ambo au Kanyenye aliyeleta chupa ya mafuta chuoni chini ya khanga yake alikuwa katika kundi kubwa, ingawa mwenyewe hakulijua.

Miaka ya mwanzo ya 1980 mafuta ya taa yaliadimika nchini kama zilivyoadimika sabuni na sukari. Nilikuwa mtoto wakati huo. Tulisoma kwa zamu katika taa moja, na usiku wa mbalamwezi mwalimu alituamuru tutoke nje tukasome yale tuliyokwisha kuhifadhi. Tulihifadhi upesi mwaka ule kuliko miaka yote, kwa kuwa aliyeshindwa kuhifadhi hakuwa na kitu cha kusoma gizani.

Katika kuta za nyumba za udongo mwashi huacha kishubaka kidogo, na humo ndimo kibatari kilimokaa. Tulipofika Suratu n-Nur, aya ya 35, ambapo Mwenyezi Mungu amepiga mfano kwa shubaka na taa na kioo na mafuta ya mzeituni, mwalimu wetu hakuhangaika kutueleza mishkati ni nini. Alinyosha kidole ukutani. Tuliiona taa imetulia, upepo haiipati, na nuru yake yote imekusanyika ikatoka mbele kwa nguvu, kwa sababu ya kuta tatu zilizoizunguka. Kioo kilikuwa katika chemli ya mwalimu mwenyewe, nacho alitukataza kukigusa. Mzeituni tu ndio tuliobaki kuuwaza. Leo nafundisha aya hiyo hiyo katika chumba cha matofali ya saruji chenye glopu darini, na inanilazimu kuchora shubaka ubaoni. Watoto huniuliza kwa nini taa iwekwe ndani ya shimo.

Hata masizi yalikuwa na kazi. Wino wa zamani wa mbao zetu ulitengenezwa kwa masizi na gundi ya mti. Jambo hili nalo lina ndugu zake mbali: husimuliwa kuwa katika msikiti wa Süleymaniye kule Istanbul, uliomalizika mwaka 1557, mjenzi Sinan aliupanga upepo wa ndani ili moshi wa taa ukusanyike mahali pamoja, na masizi yake wakayafanyia wino waandishi. Kwetu hapakuwa na Sinan, palikuwa na mama aliyegeuza sufuria juu ya taa.

Lakini nisije nikawa kama wale wanaolia juu ya mambo ya kale kwa kuwa wao walikwisha kuyatoka. Kibatari kina ubaya wake, na ubaya huo si mdogo. Moshi wake uliingia katika vifua vya watoto wetu kila usiku; tuliamka pua zikiwa nyeusi, tukacheka. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2014 wa kuwashauri watu waache kutumia mafuta ya taa majumbani, na aliyekulia katika moshi ule hahitaji hoja zaidi. Na moto! Kibatari hakina kioo, hakina kitako kizito, na mtoto akinyosha mguu usingizini kimeanguka. Katika mtaa wetu namjua binti mmoja, sasa ni mama wa watoto, ambaye mkono wake wa kushoto haunyoki, kwa sababu ya taa moja na chandarua kimoja. Mafuta waliyouziwa usiku ule yalikuwa yamechanganywa na petroli.

Mtume wetu (S.A.W.) ameonya juu ya jambo hili kwa maneno yaliyo wazi. Imo katika Sahihi ya Bukhari, kwa Jabir, amri ya kuzima taa wakati wa kulala, kwa kuwa panya huenda akauburuta utambi akaiteketeza nyumba na waliomo. Imepokewa pia kwa Abu Musa habari ya nyumba iliyoungua usiku Madina pamoja na wenyewe, na Mtume akaueleza moto kuwa ni adui wa watu, akaamrisha uzimwe. Nimekuwa nikiisoma hadithi ya panya tangu ujana. Nilipokuwa mdogo niliiona kama kichekesho, panya na utambi. Baadaye nilikaa katika nyumba yenye panya.

Basi kilichokiua kibatari ni nini? Mambo mawili yalikuja karibu pamoja. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, ulianza kuzipeleka nyaya vijijini. Tena mwaka 2011 Serikali iliupandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, ili kuwazuia wafanyabiashara waliokuwa wakiyatia ndani ya dizeli. Mwizi wa dizeli alizuiwa, naye mwenye kibatari akajikuta hana uwezo wa kununua hata chupa moja. Watu wakahamia kwenye tochi za Uchina za betri, na wenye nafasi kidogo wakanunua taa za jua. Mzee wangu wa sokoni aniambia kuwa zamani aliuza vibatari kwa korja, yaani ishirini ishirini, kwa wachuuzi waliovipeleka Urambo, Sikonge na Nzega. Mwaka jana wote aliuza saba. Viwili kati ya hivyo vilinunuliwa na mtalii.

Ziko nchi zilizookoa kazi ya taa kwa njia nyingine. Kairo mafundi wangali wanafua fanusi za Ramadhani kwa bati na vioo vya rangi, na wenyewe husimulia kuwa desturi ile yatokana na usiku wa Ramadhani ya mwaka 973, watu walipotoka na taa kumlaki Khalifa al-Mu'izz wa Kifatimiya. Fanusi za plastiki za Uchina, zenye betri na nyimbo, ziliwasonga mafundi wale hata Serikali ya Misri ikazuia kuingizwa kwake mwaka 2015. Huko Vietnam, katika mji wa bandari wa Hoi An, ambao kama Tabora ulijengwa na wafanyabiashara wageni na wenyeji pamoja, mafundi hufanya taa za mianzi zilizovikwa hariri, zikunjwazo kama mwavuli. Na usiku wa tarehe 14 ya mwezi wa mwandamo mji wa kale huzima taa za umeme, zikabaki zile za hariri. Mji ule umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1999. Njia yetu ya misafara, tangu mwaka 2006, imo katika orodha ya mahali panapongoja tu.

Wapo wanaosema nasi tufanye hivyo, tuvipake vibatari rangi tuvitundike hotelini. Mimi sipendi shauri hilo. Taa ya hariri na fanusi ya Kairo zilikuwa pambo tangu zamani, na pambo laweza kubaki pambo. Kibatari hakikuwa pambo hata siku moja. Kilikuwa haja ya maskini, na maskini akipata taa isiyo na moshi ni jambo la kumshukuru Mungu. Ninachokionea uchungu ni ule mkono. Kopo lilipotoboka, mtoto alitumwa kwa fundi na sarafu moja, akarudi nalo zima kabla ya Isha. Taa ya jua ikifa hutupwa, na nyuma ya nyumba zetu sasa yameanza kuwa malundo yake.

Miaka miwili iliyopita muumini mmoja alituletea chuoni taa tatu za jua. Mwenyezi Mungu amlipe. Moja ingali hai. Ya pili ilianguka ikapasuka mwili wake wa plastiki, na ya tatu ilizimika yenyewe bila kuguswa. Duka zilikonunuliwa walisema hazitengenezeki, tununue nyingine. Nilizitia katika mkoba siku ile nilipokwenda sokoni, nia yangu ni kumwonyesha mzee kilichomnyang'anya riziki, wala sikuwa na tamaa nyingine.

Alizigeuza huku na huku muda mrefu. Anaye mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na saba hivi, ajuaye mambo ya simu, akamwita. Kijana akaifungua ile iliyozimika kwa kisu, akakuta uzi mmoja mwembamba umeachana na betri. Mzee akapasha chuma, akakinyoa kichwa chake kwa tupa kikawa kama kalamu, akaweka tone moja la lehemu. Taa ikawaka mchana ule, sote tukafumba macho. Ile iliyopasuka alisema haina ugonjwa ila mwili, na mwili yeye anao. Akachukua debe la mafuta ya kupikia, akalikata, akalikunja pande tatu, akaacha upande mmoja wazi, akaing'arisha sehemu ya ndani ili nuru irudi mbele.

Nilipoondoka alikuwa hajamaliza. Alitaka kwanza nimwambie kama watoto wa chuoni huitundika taa ukutani au huiweka mkekani, kwa kuwa hakuwa ameamua mkono wake autie juu au ubavuni.